Mlango Uliopandishwa Mlimani

Nchi ninayoisimulia ipo, ila msijisumbue kuitafuta kwenye ramani, kwa sababu ramani zake zinachorwa na serikali yake, na serikali yake haipendi kutafutwa. Ni kisiwa. Chini kuna pwani, bandari, ofisi, na sisi. Juu kuna mlima, ukungu, magimbi, na Wajuu. Katikati unapita mto, na kando ya mto kuna kizuizi cha mti na askari mmoja anayekaa chini ya mwavuli wa kampuni ya sabuni. Mimi nilizaliwa Juu, nikaolewa Chini, na miaka arobaini na mitatu nimekaa Chini nikipika, nikizaa na nikizika. Dada yangu Mize alibaki kwetu.

Hapo mwanzo watu walipanda na kushuka bila kuulizana. Mwenye chumvi alipanda na chumvi yake, mwenye asali alishuka na asali yake. Kisha akaja waziri mmoja, sitamtaja kwa kuwa ameshapewa uwaziri mwingine, akapanda na helikopta. Akatua katikati ya shamba la magimbi la mjane. Akaruka mafiga ya watu watatu, moto ukiwaka. Akafunua vyungu kutazama wenyeji wanakula nini. Halafu akasimama juu ya kreti akaanza kuhutubia kuhusu kupendana. Wajuu hawakumzomea wala hawakumrushia kitu. Walikunja mikeka yao taratibu, mmoja baada ya mwingine, wakavuka kilima, na waziri akabaki anawahutubia mbuzi. Redio ikatangaza kwamba mkutano ulifana na kwamba waliohudhuria wengi wao walikuwa na ndevu.

Serikali iliona aibu, na serikali ikiona aibu huanzisha ofisi. Ikaanzishwa Ofisi Kuu ya Safari za Heshima, na sheria ikapitishwa kwamba hakuna wa Chini atakayevuka mto kwenda Juu bila Cheti cha Heshima. Mkurugenzi akawekwa Bwana Faki Sururu, mtu mnene, msafi, mwenye leso mbili, moja ya jasho na moja ya kuonekana. Bwana Faki mwenyewe hajawahi kupanda Juu. Alituambia hadharani kwamba kutokwenda kabisa ndiyo heshima kubwa kuliko zote, na kwamba yeye anaongoza kwa mfano.

Ofisi ilikuwa na miaka kumi na moja na ilikuwa inajisifu kwa jambo moja: tangu ianzishwe haijapokea lalamiko hata moja kutoka Juu. Hilo ni kweli. Pia ilikuwa haijatoa cheti hata kimoja, lakini hilo hawakuliweka kwenye bango.

Mimi sikuwa na habari nayo sana. Nilikuwa nikisema mwakani nitapanda, mwakani nitapanda, mara huyu anazaa, mara yule anaumwa. Mpaka siku ile aliponijia Ngwali.

Ngwali ni Mjuu, mrina asali, tuliogeshwa mto mmoja tukiwa wadogo. Mjuu akishuka haulizwi cheti, na akirudi haulizwi, kwa kuwa ameandikwa kwao. Mimi nimeandikwa Chini, kwa mume. Akatua madumu yake ukumbini, akanywa maji, akanywa tena.

"Mize hajambo?" nikamuuliza.

"Yupo."

"Yupo vipi, Ngwali?"

"Anapikiwa."

Nikakaa chini. Kwetu mwanamke hapikiwi. Akiwa na homa atapika, akiwa na mimba ya miezi tisa atapika. Akianza kupikiwa, watu huanza kusema naye kwa upole, na upole ule ndio unaotisha.

"Kasema nije?"

Ngwali akanitazama kama niliyesahau kusema. "Atasemaje uje? Wewe umekuwa mtu wa Chini kweli, Bi Somoe. Kasema mvua mwaka huu zitawahi, basi."

Nikaona haya. Wajuu hawaalikani. Kumwalika mtu ni kumwambia kwamba siku zote ulizokuwa hujamwalika njia ilikuwa imefungwa. Mize kataja mvua kwa kuwa mvua zikianza mto hauvukiki miezi minne, na miezi minne hana. Nikatazama mawingu upande wa mashariki. Yalikuwa mepesi bado. Tangu siku ile sikukaa kitako vizuri. Nikikuna nazi nasimama, nikifagia naacha ufagio njiani, natoka nje natazama mawingu.

*

Ofisini nilipokelewa na Mwalimu Hidaya, binti mwenye adabu na viatu vya mpira vyeupe ambavyo havijawahi kuona tope.

"Shikamoo bibi. Unakwenda Juu kwa nani?"

"Marahaba mwanangu. Kwa dada yangu, mgonjwa."

"Unawafahamu wenyeji?"

"Nimezaliwa nao."

Akaandika, kisha akanyanyua kalamu. "Hapo pana tatizo kidogo bibi. Utafiti wetu unaonyesha waliowazoea wenyeji ndio wanaowakosea heshima zaidi. Itabidi usome kozi kamili."

Kozi kamili ni siku kumi. Nilimwambia mvua. Akasema mvua iko chini ya wizara nyingine.

Basi nikasoma. Mimi shule yangu ni darasa la saba, lakini darasa ni darasa. Nyuma ya ofisi walijenga kijiji cha mfano, nyumba nne za mbao nyembamba zilizopakwa rangi ya udongo. Ndani ya kila nyumba mafiga ya saruji, na katikati ya mafiga taa nyekundu ya umeme ndiyo moto. Tarishi wa ofisi alifungwa ndevu za pamba, ndiye mzee wa kijiji, na alikuwa anatoka saa sita juu ya alama kwenda kula. Tulifundishwa namna ya kukanyaga ardhi isiumie. Tulifundishwa kuutazama mlima kwa kiasi. Siku ya tatu tulifundishwa kukataa chakula bila kuudhi, na siku ya nne kukipokea kile tulichokikataa jana. Siku ya tano lilikuwa Somo la Ukimya, likafundishwa kwa kipaza sauti kwa kuwa ukumbi ni mkubwa.

Nilikaa mbele, nikaandika yote. Kila mapumziko nilitoka nikatazama mashariki. Siku ya sita mawingu yalikuwa yameanza kukaa, hayapiti.

Siku ya kumi mtihani. Swali la kwanza, lenye alama nyingi kuliko yote: "Ukifika kwenye makazi ya Mjuu, utafanya nini?" Nikaandika ninavyojua. Kwamba unakaa kwenye mawe yaliyo nje ya kijiji, unakohoa mara moja tu, unanyamaza. Watakuona, hawatajifanya wamekuona. Baadaye mmoja atatoka kwake na kaa la moto juu ya kigae, atakuwekea miguuni. Huyo aliyekuletea moto ndiye mwenyeji wako, utakula kwake, ukiugua utaugua kwake. Bila moto huingii, hata kama unaona mama yako mzazi amekaa upenuni.

Nikapata alama thelathini na moja kwa mia.

"Bibi," Hidaya akasema kwa sauti ya chini, "umejitungia mambo mengi. Jibu ni hili hapa: Unabisha mlango mara tatu kwa unyenyekevu, unasema hodi, unasubiri kufunguliwa."

"Kule hakuna milango, mwanangu. Nyumba ina pazia la makuti."

"Kitabu kimeandikwa na wataalamu, bibi."

"Walipanda?"

Akafunga kitabu. "Walizungumza na mtu aliyekuwa na nia ya kupanda."

Lakini hata waliofaulu hawakwenda popote. Baada ya kufaulu unatakiwa ulete barua ya mwaliko kutoka kwa mwenyeji. Nilipoliona hilo kwenye fomu nilicheka peke yangu, halafu kicheko kikaniishia. Nikaomba kuonana na Mkurugenzi.

*

Bwana Faki alinisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipomaliza akayafumbua.

"Mama yangu," akasema, "unaniambia Wajuu hawaaliki mtu."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na sisi hatuwezi kumpeleka mtu asiyealikwa. Unaona uzuri wake? Wao wanatuheshimu kwa kutotuita, sisi tunawaheshimu kwa kutokwenda. Mataifa makubwa yamehangaika karne nzima hayajafika hapo tulipofika."

"Dada yangu anakufa, Mheshimiwa."

"Atakufa akiwa ameheshimiwa."

Nikatoka. Pale nje nilisimama nikashika nguzo, maana miguu ilitaka kwenda na sijui ilitaka kwenda wapi.

Sasa Mungu si Athumani. Wiki ile ile ikaja amri kutoka kwa Mkubwa wa nchi. Wageni kutoka nchi za mbali wanakuja kujifunza heshima kwetu, na Mkubwa anataka kuwaonyesha picha za safari moja ya heshima. Moja tu, lakini iwepo. Ofisi ikataharuki kama nyuki waliofukiziwa moshi. Barua ya mwaliko ikawa haina shida tena: Bwana Faki alijiandikia mwenyewe kwa niaba ya Wajuu, akajijibu kwa shukrani, akaziweka zote mbili faili moja.

Shida ikawa mlango. Kumbe lile jibu langu walilisoma. Wakakaa kikao siku mbili: ikiwa nyumba za Juu hazina milango, Mkurugenzi atabisha nini? Mmoja akasema apige makofi. Akaambiwa makofi ni ya mkutano. Mwingine akasema abishe ukuta. Akaulizwa kama kwao hubishwa ukuta. Mwisho Bwana Faki akasimama.

"Ndugu zangu," akasema, "hodi ndiyo ustaarabu wetu. Hatuwezi kuwaheshimu watu kwa kuacha heshima yetu nyumbani. Kama hawana mlango, tutawapelekea."

Wakapiga makofi, na yakakubaliwa kuwa ni ya mkutano. Ukaagizwa mlango wa mninga wenye nakshi na misumari ya shaba, na fremu yake, na kizingiti chake, wanaume sita kuubeba.

Jioni Hidaya akaja kwangu. Hakukaa. "Bibi, wapagazi hawahitaji cheti. Kwenye fomu wameandikwa chini ya vifaa."

"Mimi nina miaka sabini na miwili, mwanangu."

"Kuna kiti cha Mkurugenzi, cha kukunja. Hakina uzito." Akatazama viatu vyake. "Mimi sijasema kitu."

*

Nikavuka mto nikiwa kifaa. Yule askari wa mwavuli alisoma orodha: mahema manane, kipaza sauti kimoja, mlango mmoja, kikongwe kimoja. Aliniangalia, akatia alama.

Kwa miguu yangu ya usichana ile njia ni mwendo wa asubuhi mpaka adhuhuri. Sisi tulitumia siku tatu, kwa kuwa tulisimama kuheshimu. Tuliheshimu maporomoko. Tuliheshimu mti mkubwa, na ulipotokea mkubwa zaidi tukauheshimu na ule, ili wa kwanza usionekane umependelewa. Kila kituo Bwana Faki alitoa neno, kisha kikatangazwa kimya cha dakika tano kwa kipaza sauti, ndege wote wakakimbia. Nami nimebeba kiti, nachungulia mashariki. Mawingu sasa yalikuwa meusi chini na yamejaa, kama ngozi ya ngoma iliyolowa.

"Mama, mbona unahangaika?" Bwana Faki akaniuliza. "Umekwenda mbele ya msafara mara tatu. Kiti hakitangulii mwenye kukikalia."

"Samahani Mheshimiwa. Miguu inakumbuka njia."

"Izuie."

Tulifika siku ya tatu, jua likiwa juu. Nikayaona mawe yetu ya wageni, yamelainika kwa kukaliwa. Nikaviona vibanda, na cha tatu kutoka chini, chenye mgomba mgongoni, ni cha Mize. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka. Nikashusha pumzi. Upenuni kwa watu palikuwa na wanawake wawili wanamenya magimbi, na mzee anachonga mpini. Walituona, wakaendelea na kazi zao, kama ipasavyo. Nikakaa kwenye jiwe, nikakohoa mara moja.

Nadhani moto ungekuja. Nadhani yule mwanamke wa kulia alikwishainuka. Lakini nyuma yangu wanaume sita waliutua mlango, wakachimba mashimo mawili, wakausimamisha katikati ya njia ya kuingilia kijijini.

Hapo niseme jambo, maana wataalamu hawakuliuliza nami sikulifikiria. Kwetu kitu hakisimamishwi njiani ila kwa sababu moja: pameingia maradhi ya kuambukiza. Likisimama hata gogo, kila mtu huingia kwake na hatoki, haendi hata kwa jirani, mpaka kitu kile kiondolewe na waliokisimamisha. Ndiyo heshima yao, ya kulindana. Na hawa walikuwa hawajaona gogo la misumari ya shaba maishani mwao. Mpini ukaanguka chini. Magimbi yakaachwa na visu vyake. Kufumba na kufumbua hapakuwa na mtu.

"Mnaona?" Bwana Faki akanong'ona, machozi yanamlengalenga. "Mnaona utulivu?"

Akatoa leso ya kuonekana, akapangusa mlango, akabisha mara tatu. "Hodi," akasema. Akasubiri. Mpiga picha akapiga picha. Baada ya nusu saa akabisha tena. Wapagazi wakalala. Nikamwendea.

"Mheshimiwa, wanadhani kuna ugonjwa. Uondoe mlango watoke."

"Mama, nikiuondoa nitabisha nini?"

"Usibishe."

"Niingie bila hodi, kama yule waziri?" Akanisikitikia kwa dhati. "Tutasubiri. Subira ni ukurasa wa kumi na nne."

Tukasubiri mpaka jua likazama. Tukaamka tukasubiri. Mimi nimekaa jiweni, nakohoa, nanyamaza, nakohoa, kama mtu asiyejua mila. Asubuhi ile nikahesabu moshi wa vibanda. Kilichokuwa na mwenye nguvu ndani kilitoa moshi. Cha tatu hakikutoa. Nikangoja pengine bado. Jua likapanda. Hakikutoa. Ndipo ikaniingia: Mize anapikiwa, na wanaompikia hawawezi kutoka nje kwa ajili ya mlango wetu. Alikuwa hajala tangu jana mchana, wala hajachochewa moto, na baridi ya kule wanaijua wenyewe.

Nikasimama. Nikakikunjua kiti, nikakiweka sawa nyuma ya Bwana Faki. Kisha nikauzunguka mlango kwa kushoto, mahali penye majani.

"Mama," akaita nyuma yangu, "hujafunguliwa."

"Naona, Mheshimiwa."

"Unauvunja utaratibu wa nchi."

"Na wa kwetu pia," nikasema, na hilo ndilo lililokuwa linanitetemesha. Sikuletewa moto. Toka nizaliwe sijapata kusikia mtu aliyeingia bila moto. Nyuma ya mapazia nilijua macho yananitazama: mtoto wa marehemu Vuai, baba yetu, mtu mzima, anapita kama mbuzi aliyekata kamba.

*

Nikanyanyua pazia la makuti. Ndani giza na majivu.

"Nani?"

"Mimi. Somoe."

Ikaja ile sauti yake ya kunituma kisimani, imepungua lakini ni ile ile: "Kakuletea moto nani?"

"Hakuna aliyeniletea, dada. Njia imefungwa."

"Basi toka."

"Mize, hujala tangu..."

"Toka nje ukae. Unataka waseme mdogo wangu aliingia kwangu bila moto?"

Nikatoka. Nikakaa kwenye udongo mbele ya kizingiti, miaka sabini na miwili, nimekunja miguu kama mwali. Nikamsikia akijigeuza. Nikasikia vidole vinafukua majivu, vinaacha, vinafukua. Kutoka mafigani mpaka kizingitini ni hatua tano. Nilisikia goti, kisha mkono, kisha amepumzika. Nilitaka kuingia nimbebe, nikajishika kanga kwa mikono miwili. Nikijaribu kumsaidia hapo nisingekuwa mgeni wake, ningekuwa mtu aliyemwona akitambaa.

Pazia likasogea. Kikatoka kigae, na mkono wake nyuma ya kigae, umebaki mifupa. Kaa lenyewe lilikuwa dogo kama punje ya kunde, linapumua. Akalisukuma mpaka miguuni pangu.

"Umechelewa," akasema.

"Nilikuwa darasani."

"Uzee huu? Unasoma nini?"

"Heshima."

Mize akanitazama kuona kama namtania. Alipoona simtanii akacheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika, nami sasa nilikuwa na haki, nikamkumbatia, nikamwinua, alikuwa mwepesi kama kikapu. Nikamlaza, nikaliweka kaa katikati ya mafiga, nikapuliza, nikaweka makumbi makavu. Moto ukashika. Nikateleka chungu cha uji.

Matone ya kwanza yakaanza kugonga makuti, makubwa, moja moja. Nikajua mto utafunga kesho, na sikuwa na pa kukimbilia wala haja ya kukimbia. Kutoka chini njiani zikasikika sauti nyingine, tatu tatu, zenye adabu, juu ya mninga.

Mize akasikiliza. "Nani huyo anayegonga?"

"Mkurugenzi wa Chini. Anataka afunguliwe mlango."

"Mlango wa nani?"

"Wake. Kaja nao."

Akafikiri kwa muda, maana hata kitandani alikuwa mtu wa kutenda haki.

"Basi si aufungue," akasema, akanigeuzia kikombe nimtilie uji.